Utafiti wa Pamoja: Mwongozo kwa Daktari Anayeshuka Mbeere

Daktari, anza na swali. Liandikie ofisini, mlango umefungwa. Watu wa Mbeere ukiwapa nafasi watakuuliza habari za maji na bei ya muguka, na fedha ulizopewa si za maji wala muguka. Swali likishakamilika, bajeti ikishatiwa sahihi na gari likishakodiwa, hapo ndipo wenyeji wanapogeuka kuwa "washirika".

Kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti, usicheze nacho. Ile sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, inayodai wenyeji waridhie kwanza kisha wapate fungu lao la faida, itaje kwenye pendekezo. Inapendeza.

Kama unaelekea Meru, jihadhari na ujirani. Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, wana makao yao Nchiru, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kiko Nchiru hiyo hiyo. Msomi asipoangalia atajikuta amewaendea wazee na kuwauliza wao wangependa kichunguzwe nini. Ratiba ya mradi itaharibika.

Siku ya baraza, chifu awakusanye watu saa tatu, wewe ufike saa sita. Soma fomu ya ridhaa, kurasa zote za Kiingereza, naye karani aitafsiri kwa sentensi moja: "Wekeni sahihi, soda zinakuja." Shosho akikataa, andika "hakupatikana".

Sasa nikuonye kuhusu Kyeni, kule Embu. Mwaka 1998 timu iliyowajumuisha Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi ilianza kulisha watoto katika shule 12. Wengine walipewa githeri yenye nyama, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyoongezwa mafuta. Kundi la nne halikulishwa, lilipimwa tu. Waliokula nyama ndio waliopiga hatua zaidi katika jaribio la kufikiri, jambo ambalo mama yeyote wa Kyeni angelikisia bila ufadhili, ingawa yeye asingelichapisha.

Lakini tazama walichofanyiwa wale wasiolishwa: familia zao zilipewa mbuzi wa maziwa. Mbuzi, daktari! Mbuzi anakamuliwa, anazaa, jirani anakuja kuomba mtoto wake, na hakuna anayetakiwa kunukuu jarida lolote ili anywe maziwa. Ukizoesha watu hivyo, mtafiti ajaye na fulana ya nembo ya mfadhili ataulizwa, "Na mbuzi yuko wapi?" Wewe toa fulana. Saizi moja iwatoshe wote.

Data ikishapatikana, ihamishie mbali upesi. Makala iandikwe na watu sita, wote wenye shahada. Yule mzee aliyekutajia miti ya dawa mmoja mmoja, jina, gome na kipimo, mweke kwenye shukrani pamoja na dereva, chini ya "wakazi wa eneo hilo". Kisha chapisha katika jarida linalosomwa kwa kulipia dola.

Imebaki kurudisha matokeo. Andaa warsha kwenye hoteli ya Naivasha, yenye bwawa la kuogelea, na uwaalike wenyeji kwa barua pepe. Mwakilishi wa kijiji akitokea, mpokee kwa furaha na umrudishie nauli yake yote, mradi alete risiti: ya matatu kutoka Siakago, na ya bodaboda iliyomfikisha stendi.