Kisigino Hakichelewi



Ningependa kusema nimesimama mbele yenu kutoa sifa hizi, lakini nitakuwa nimeanza kwa uongo. Nimeketi, na chini ya unyayo naviringisha chupa ya maji iliyolala kwenye friza tangu jana. Ninachokisifu leo ni kisigino changu cha kulia, kwa utumishi wake wa miezi minane mfululizo bila kuomba likizo. Cha kushoto nacho kipo, ila kina moyo wa naibu: kinabeba mizigo ya mkubwa wake na hakitajwi kwenye hotuba.

Siwadharau washindani wake. Mguu ni kama wilaya, una mifupa 26 kuanzia kifundo hadi vidoleni, na kila mmoja una malalamiko yake. Jongo lina jina kubwa. Hupenda kidole gumba, hubisha hodi usiku baada ya nyama choma na bia, na likishaingia hata shuka huwa zito. Lakini jongo huja kwa msimu. Sugu ya kidole ni kazi ya kiatu kinachobana. Badili kiatu, nayo inakosa ajira. Magaga hunyamazishwa kwa mafuta na soksi. Funza alishuka melini Angola mwaka 1872 akitokea Brazili, akavuka bara zima ndani ya nyayo za watu hadi pwani yetu kabla karne haijaisha. Msafiri hodari, sikatai, lakini pini safi yamtosha. Ninayoiogopa kwelikweli ni ganzi ya kisukari: mtu anakanyaga msumari na hana habari mpaka kidonda kimeanza kunuka. Kumbe mguu unaouma ni mguu unaosema. Changu kinasema.

Sifa zake ndogondogo nitazitaja kwa haraka. Kimeniokolea fedha, maana sinunui tena viatu vya kupendeza. Kimenipunguzia marafiki wa kuniambia "si mbali, ni hapo tu". Tena hakina ubaguzi: mwalimu, mlinzi, muuguzi na muuza duka wote hukipata kwa bei moja.

Lakini ipo sifa inayozifunika zote. Kisigino changu hakichelewi.

Saa kumi na moja alfajiri nashusha mguu kutoka kitandani. Kabla unyayo haujamaliza kugusa sakafu, kisigino kimeshawasili na msumari wake. Hakijawahi kupiga simu kusema kipo Ubungo ilhali bado kinaoga. Hakisingizii foleni wala mvua. Kwa jinsi kinavyotunza saa nimeacha kutegemea jogoo wa jirani, ambaye siku hizi huwika saa nne kama mtu aliyetoka kwenye semina. Nikijipumzisha mchana dakika ishirini, nikiinuka tu kimefika. Nikimaliza kusahihisha daftari za darasa zima na kunyanyuka, kimefika. Baada ya hatua ishirini hivi kinatulia kidogo, kwa adabu, kisha jioni kinarudi kutoa taarifa ya siku.

Na kazi yake haina ubabaishaji. Chini ya unyayo kuna utando mnene ulioshika mfupa wa kisigino kwa nyuma na kwenda kushika vidole kwa mbele, kama ugwe wa upinde. Ukielemewa mwaka baada ya mwaka, nyuzi zake huchakaa pale pale ulipojishikiza. Usiku mguu ukilegea, utando hujikunja na kukakamaa. Hatua ya kwanza ya asubuhi ndiyo huuvuta ghafla. Huo ndio msumari.

Wakati mwingine huwa nawaza kisigino hiki kingeajiriwa serikalini. Kingesaini daftari la mahudhurio kabla mlinzi hajafungua geti. Mwezi wa kwanza kingepewa barua ya pongezi. Wa pili wenzake wangeacha kukisalimia. Wa tatu kingehamishiwa kituo kisicho na barabara, kwa kosa la kuwafanya wengine waonekane. Kingechaguliwa mwenyekiti wa kamati ya harusi, kadi ikisema saa kumi jioni basi saa kumi bibi harusi angeingia ukumbini. Angekuta viti vitupu na fundi wa muziki anatafuta waya, lakini angekuwa amewahi.

Kwa heshima hiyo nilikipeleka kwa mabingwa. Nilipewa miadi ya saa mbili asubuhi. Mimi na kisigino tulifika saa mbili kasoro robo. Daktari alifika saa tano. Ukumbini palikuwa na benchi moja la watu wanne, na sisi tulikuwa zaidi ya thelathini. Kwa hiyo ugonjwa unaoletwa na kusimama nilikwenda kuutafutia dawa kwa kusimama saa tatu juu ya sakafu ya saruji. Zamu yangu ilipofika, daktari aliandika bila kuinua macho. Kiatu sikuvua. Picha ya eksirei ikaonyesha mfupa umeota kama mwiba, nikarudi nyumbani nimeibeba kama hati ya kesi. Baadaye nikaja kujua kwamba miiba hiyo huonekana pia kwa watu wengi ambao kisigino hakijawahi kuwauma.

Duka la dawa likanipa vidonge vilivyohamishia maumivu tumboni. Jirani akaleta mafuta ya karafuu. Shemeji alinivuta pembeni akaninong'oneza kwamba nimekanyaga kitu nilichotegewa, na kwamba anamfahamu mzee mmoja. Mwingine akanishauri nidungwe sindano ya kisigino: inatuliza kweli kwa wiki kadhaa, ila ikirudiwarudiwa inaweza kudhoofisha utando wenyewe hadi ukatike. Kila mmoja alikuwa na dawa. Aliyetaka kuuona mguu hakuwepo.

Wa kwanza kuugusa alikuwa binti wa mazoezi ya viungo, umri wa mwanangu. "Shikamoo mwalimu. Naomba uvue kiatu." Akabonyeza kwa kidole gumba upande wa ndani wa kisigino, nikaruka nusura nimwangukie. "Pole. Ni hapo?" Ndipo hapo. Akaniambia asubuhi, kabla sijashuka kitandani, nivute vidole kunielekea, nihesabu hadi kumi, nirudie mara kumi. Nisukume ukuta kwa mikono, mguu mmoja nyuma na kisigino chake chini, ili shavu la mguu linyooke. Niache kandambili nyembamba na kutembea peku kwenye vigae. Nivae raba yenye soli laini. Chupa ya barafu jioni. Na nisitegemee muujiza: wengi hupona ndani ya mwaka bila kisu, lakini ni miezi, si siku. Yote hayo hayakunigharimu zaidi ya raba.

Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza. "Mwalimu, huwa unasimama wapi?"

Nilianza kuhesabu. Darasani, vipindi viwili mfululizo, dakika 80, juu ya saruji. Hiyo ni kazi yangu, silalamiki. Benki. Kwenye ofisi ya ardhi, mlangoni kwa mtu ambaye koti lake lipo kitini tangu asubuhi na mwenyewe yuko kikaoni. Dirisha la kuhakiki vyeti, ambalo hufunguliwa mhusika akishamaliza chai. Na mahafali.

Hapa naomba niweke mzaha kando. Mahafali ya mwaka jana yalipangwa kuanza saa tatu. Saa mbili na nusu tulikuwa tumepanga watoto mistari miwili, kutoka getini hadi jukwaani, juani, na sisi walimu nyuma yao, wima, tumevaa viatu vya heshima. Saa nne tukaambiwa mgeni rasmi yuko njiani. Saa sita tukaambiwa ameshakata kona. Tukalipigia makofi gari la maji. Saa saba msichana wa kidato cha pili alianguka, tukambeba hadi chini ya mwembe. Niliuliza kama wanaobaki wanaweza kukaa chini angalau kwenye nyasi. Nikajibiwa: "Mwalimu, mgeni akikuta watoto wamekaa itakuwaje?" Saa nane akaingia. Akaketi kwenye kochi lililovalishwa kitambaa cheupe, akafunguliwa maji ya chupa, akashika kipaza sauti na kusema hatasema mengi, kwa kuwa muda si rafiki.

Muda si rafiki! Muda ulikuwa rafiki kabisa. Ulimsubiri saa tano.

Siku ile ndiyo nilielewa kipimo cha ukubwa kwetu. Si elimu wala mali. Ni idadi ya watu unaoweza kuwasimamisha, na kwa muda gani, bila yeyote kati yao kuomba kiti. Mdogo anasubiri, mkubwa anasubiriwa, na anayesubiri kwa kuketi anaonekana ana kiburi. Kisha tunaambiwa subira yavuta heri. Mimi imenivuta utando.

Namjua mtu mmoja tu tuliyemheshimu kwa haki kwa kuchelewa. Ni mkimbiaji wetu John Stephen Akhwari, kwenye Olimpiki ya mwaka 1968 huko Mexico City, aliyefika uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi wa marathoni, mguu umefungwa bendeji, jua limezama na watazamaji wengi wameshaondoka. Lakini yeye alichelewa akiwa anachechemea, na aliyekuwa na maumivu siku ile alikuwa yeye. Wetu huchelewa kwenye gari lenye kiyoyozi, na wanaochechemea ni waliomsubiri.

Basi nirudi kwa ninayemsifu, nimalizie, muda nao si rafiki. Mazoezi ya binti yule nimeyafanya kila alfajiri, na sasa naona mabadiliko yanayonitia wasiwasi. Mwezi uliopita kisigino kilianza kufika nikiwa tayari nimevuka chumba. Wiki iliyopita kilifika baada ya chai, kikakaa dakika mbili, kikaondoka. Nikasema moyoni: huyu kuna cheo amepewa.

Leo alfajiri nimeshusha mguu wa kulia, nikasubiri. Kimya. Nikashusha wa kushoto, msumari ukanipata pale pale.

Hakikuja. Kimetuma mwakilishi.