Sifa za Ndara za Lojing'i

Huwekwa chini ya kitanda, zimesukumwa ukutani, na mara nyingi zote mbili ni za mguu wa kushoto. Moja ni ya bluu. Nyingine inasemekana iliwahi kuwa nyeupe. Kisigino cha moja kimetolewa pengo kwa kisu. Kwenye soli ya mwenziwe pamechomwa nambari 14 kwa msumari wa moto, ingawa chumba chenyewe ni nambari 9. Ukanda ulikatika zamani ukaungwa kwa waya, na ncha ya waya huo humkumbusha mgeni, hapo kati ya kidole gumba na cha pili, kwamba yuko ugenini. Hizi ndizo ndara za lojing'i. Zimewatumikia wasafiri wa Kenya kwa unyenyekevu miaka nenda miaka rudi, wala hakuna Siku ya Mashujaa hata moja ambayo zimetajwa.

Mfanyabiashara wa maembe kutoka Mbumbuni, huko Mbooni katika kaunti ya Makueni, anapokwenda Mombasa hachagui mahali pa kulala kwa namna vitabu vya watalii vinavyoagiza. Vitabu humtaka mgeni wa mji wa kihistoria aulize kama dirisha linaangalia bahari, kama Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593 na UNESCO ikaitia kwenye urithi wa dunia 2011, inafikika kwa miguu, na kama kiamshakinywa kimo ndani ya bei. Mama wa Mbumbuni ana maswali matatu: maji yapo? Mlango una komeo? Ndara je? Kiamshakinywa atajinunulia barabarani, mahamri na mbaazi, na bahari ataiona akipata nafasi.

Hana muda wa kuzunguka akilinganisha. Treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria 2017 hupita katika kaunti yake na kusimama Emali, Kibwezi na Mtito Andei, lakini humwacha mtu Miritini, mbali na mji, na hapo bado ana mizigo. Kwa hiyo wengi hupanda basi la usiku na kushushwa Mwembe Tayari kabla jogoo hajawika. Ghorofa za lojing'i ziko papo hapo, taa ya kijani inawaka ngazini, na mhudumu wa mapokezi amelala nyuma ya wavu wa chuma. Msafiri huchagua kwa pua kwanza, kisha kwa mfuko.

Ndara hizo zina sifa ndogondogo ambazo zinatosha kutajwa tu. Zinalinda afya ya mgeni, maana akishaziona huoga upesi na kurudi kitandani. Zinaleta usawa: dereva wa lori, mwalimu anayefuatilia barua ya uhamisho, mchonga vinyago aliyekuja kwenye ushirika wa Akamba uliopo Changamwe tangu 1963, wote huburuta miguu kwa mwendo mmoja. Pia zinasaidia maadili, kwa kuwa hakuna binadamu anayeweza kunyata koridoni usiku akiwa na ndara mbili za kushoto zilizolowa maji. Basi, tusonge mbele.

Sifa kuu, ile inayostahili baraza zima la washairi, ni kwamba ndara ya lojing'i haiibiki.

Haiibiki, na hilo halina uhusiano wowote na uaminifu wa wageni. Imeundwa upya kwa makusudi mpaka ikawa haina faida kwa mwizi. Mafundi wa elimu hii wamegawanyika katika madhehebu. Wapo wa pengo, wanaoamini kwamba kisigino kikikatwa kwa kisu, mvaaji atajulikana popote. Ukimkuta mtu Kongowea sokoni kisigino chake kina pengo, huhitaji polisi wala shahidi. Wapo wa msumari, ambao huchoma nambari kwenye soli na hawana haja na sura ya kitu, mradi kiwe kimesajiliwa. Wapo wa wino, wanaoandika jina lote la lojing'i kwa herufi kubwa, ili anayeiba awe tangazo linalotembea. Na juu ya wote wapo mabingwa wa kushoto-kushoto.

Hawa wa mwisho wanahitaji kutafakariwa kwa utulivu. Mtu akiiba ndara za chumba nambari 9, ameiba nusu ya kitu. Ili apate jozi kamili lazima arudi siku nyingine, alipie chumba nambari 10 ambako zipo mbili za kulia, na atende kosa la pili. Atakuwa amelipa malazi ya siku mbili na kuhatarisha heshima ya ukoo wake kwa ajili ya jozi ambayo dukani ingemgharimu chini ya bei ya usiku mmoja. Mwenye lojing'i amefanya hesabu ambayo wizara nyingi hazijaifanya: ameufanya wizi uwe ghali kuliko kununua. Hata Tutankhamun hakupata ulinzi wa namna hiyo. Mfalme huyo wa Misri alizikwa na makubadhi ambayo juu ya soli zake maadui wake walichorwa ili awakanyage kila anapotembea. Howard Carter alipolifikia kaburi 1922, yote yakaishia makumbusho. Yangekuwa yote ya kushoto, huenda Carter angeyaacha.

Kisa kimoja tu kinajulikana cha ndara kuondoka mji wa kihistoria kwa wingi bila mtu kuulizwa kitambulisho. Septemba 2018, kisiwani Lamu, ilishushwa majini Flipflopi, dau la mita 9 lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa fukweni na mijini, chini ya fundi Ali Skanda, na mwili wake ukapambwa kwa ndara zipatazo 30,000. Mwanzoni mwa 2019 likafunga safari ya takriban kilomita 500 hadi Zanzibar. Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2000, Lamu ukafuata 2001, na ndara zikaja kuunganisha miji hiyo miwili bila risala wala ngoma za itifaki. Hakuna haja ya kuuliza ngapi kati yake zilikuwa na pengo.

Sasa mtu na aweke usimamizi huo kando ya usimamizi wa mali ya umma. Kaunti 47 zilipoanza kazi 2013 zilirithi kutoka kwa mabaraza ya miji na wilaya ardhi, nyumba, magari, vibanda vya soko na madawati ya kila umri. Mamlaka ya Mpito iliagizwa iorodheshe mali hiyo. Ikamaliza muda wake 2016, na kazi ikahamia kwa Kamati ya Kiufundi ya Uhusiano baina ya Serikali. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambaye cheo chake kimo katika Kifungu cha 229 cha Katiba ya 2010, amekuwa akirudia katika ripoti zake yale yale: kiwanja hakina hatimiliki, gari halina hati ya umiliki, rejista ya mali haijakamilika. Ofisi hiyo ina wahasibu waliosoma wakasomeka. Mhudumu wa Mwembe Tayari ana msumari na jiko la makaa, na rejista yake iko miguuni mwa kila mgeni.

Ubora huu wa kitaasisi, hata hivyo, una upande ambao mgeni huugundua anapotaka kwenda kuoga. Mazungumzo ya mapokezi huwa hivi:

"Mwanangu, hizi zote ni za kushoto."

"Najua, mama. Za kulia ziko chumba cha pili."

"Sasa nitatembeaje?"

"Polepole, mama."

Hapo ndipo sifa humkauka mtu kinywani. Sakafu ya bafu ni saruji iliyosuguliwa na nyayo hadi ikawa laini. Shimo la maji limeziba kwa mabaki ya sabuni na nywele za watu wa kaunti nane. Bomba linatoa maji ya chumvi, tena kwa saa lipendazo lenyewe. Na mtu mzima, aliyelipa kwa pesa yake halali kabla ya kuonyeshwa chumba, anajishikiza ukutani asivunjike kiuno, amevaa kiatu cha mguu ambao hana! Mwandishi wa sifa hizi ana alama gotini ambayo hakuipata vitani. Inakera, na hakuna ufasaha unaoweza kuifunika kero hiyo. Inakera zaidi ukijua kwamba ndara hazikuharibika kwa bahati mbaya. Mwenye nyumba alikwisha kata shauri, hata kabla ya basi kutoka Makueni, kwamba yeyote atakayepanda ngazi zake ni mwizi.

Ushahidi umejaa chumba kizima. Televisheni imefungiwa ndani ya kitundu cha chuma. Rimoti hutolewa kwa kuacha kitambulisho. Kipande cha sabuni kimekatwa robo, blanketi limepigwa mhuri katikati, na juu ya mlango lipo tangazo kwamba usimamizi hautahusika na chochote kitakachopotea, yaani mgeni anashukiwa kwa mali ya nyumba lakini nyumba haiwajibiki kwa mali ya mgeni. Wakamba, watu wa mama huyu wa Mbumbuni, hawakuanza kulala ugenini jana, wala kukaribisha wageni. Misafara yao ya pembe za ndovu ilikuwa ikiteremka Mombasa katika karne ya 19, na Kivoi wa Kitui, mkubwa wa misafara hiyo, alimpokea mmishonari Ludwig Krapf mwaka 1849. Ni kutoka Kitui, Desemba 3, Krapf alipouona Mlima Kenya. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba aliacha kitambulisho ili apewe kigoda.

Bei ikishuka, shaka hupanda. Bei ikipanda, shaka huyeyuka. Sheria ya Utalii ya 2011 iliunda Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, na hoteli hupewa nyota, moja hadi tano, kwa vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Huko kwenye nyota nyingi, ufuoni, ndara ni nyeupe, laini, zimefungwa kwenye mfuko, moja ya kushoto na moja ya kulia. Hazina pengo. Mgeni akiondoka nazo hakuna anayemfuata, kwa kuwa alipewa. Joho la kuogea linaning'inia bila mnyororo. Sabuni ni tatu, kila moja na karatasi yake.

Watalii wanaolala humo wamelipa, na ni haki yao. Kuna wengine, maafisa wa serikali. Hao wametoka kaunti za bara, wamepita kumbi tupu za Wote na za mji wa Kitui, wakaja mpaka pwani kuhudhuria warsha ya kupitia rasimu, au ya kuandika ripoti ya warsha iliyopita. Serikali ina Chuo cha Serikali cha Kenya chenye kampasi Mombasa na Matuga, lakini inaelekea hewa ya huko haisaidii rasimu kupitiwa vizuri. Viwango vya posho vipo, Tume ya Mishahara na Marupurupu huvitoa, na Msimamizi wa Bajeti, kwa mamlaka ya Kifungu cha 228, hutoa ripoti kila robo mwaka. Safu ya safari za ndani na nje haikosi humo, na ukijumlisha kaunti zote kwa mwaka ni mabilioni ya shilingi. Oktoba 2023 Mkuu wa Utumishi wa Umma, Felix Koskei, alisimamisha safari za nje zisizo za lazima. Mombasa, kwa bahati njema, si nje ya nchi.

Anayelipia ni nani? Mama wa Mbumbuni yumo. Hulipa ada ya soko kila anapotandika maembe yake, na hulipa asilimia 16 ya VAT kwenye mche wa sabuni ambao mwenye lojing'i atamkatia robo. Amechangia zile sabuni tatu za wenzake bila kunawa nazo. Yeye ndiye anayeachishwa kitambulisho.

Pendekezo basi ni kwamba wasimamizi wa mali za kaunti wapelekwe Mwembe Tayari, walale lojing'ini usiku mmoja, kisha wafundishwe na mhudumu mwenyewe: siku ya kwanza pengo, ya pili msumari, ya tatu kushoto-kushoto. Viti vya ofisi vitolewe pengo. Magari yachomwe nambari. Hatimiliki zikipatikana, zikatwe nusu na kila nusu iwekwe chumba chake. Mafunzo hayo hayagharimu kitu zaidi ya makaa. Tatizo litaanza pale kamati ya maandalizi itakapogundua kwamba lojing'i haina ukumbi, haina projekta, wala chai ya saa nne yenye sambusa, na kwa kauli moja ikayahamishia hoteli ya ufuoni, siku tano, ukiongeza mbili za kusafiri. Mhudumu ataalikwa kama mtoa mada na kuombwa aje na sampuli. Atafika mapema, kabla washiriki hawajaamka, na mlinzi wa langoni atamrudisha kwa sababu amevaa champali.