Umoja Umepatikana

Mbunge mpya wa Kenya aliapa Septemba 2022 akiwa na ndoto mbili: kuliunganisha taifa na kuunyoosha uchumi. Umoja haukuchelewa. Tume ya mishahara ilikuwa imewafutia wabunge marupurupu ya vikao vya Bunge zima, basi wabunge wa miungano ya Kenya Kwanza na Azimio, ambao juzi tu walikuwa wakitupiana vijembe majukwaani, wakalalama kwa sauti moja.

Mageuzi ya uchumi yalikawia kidogo. Mwaka 2024 yakaja na mswada wa fedha, wenye pendekezo la kuutoza mkate VAT ya asilimia 16. Mkate ukaponea chupuchupu, mswada ukapita Juni 25 kwa kura 195 dhidi ya 106.

Alasiri hiyo vijana waliokuwa wakiupinga wakaingia Bungeni bila mwaliko. Waheshimiwa wakatimua mbio, wa ndiyo na wa la bega kwa bega. Kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia saini mswada wa serikali yake mwenyewe.