Babu Kebo Anajibu: Kompyuta Iliyonyimwa Kikoa

Wajukuu, wiki hii mfuko wa barua umejaa kilio kimoja. Kompyuta imefika ofisini, imepewa meza, lakini ikitaka kuunganishwa na kikoa cha ofisi inafukuzwa mlangoni. Vijana wa IT husema domeni. Mimi nabaki na kikoa, maana wazee wetu walikula kikoa kabla seva haijazaliwa: watu wanachanga, wanakula pamoja, na asiyejulikana hanawi mikono.

*Shikamoo Babu. Nafanya kazi chama cha ushirika, Moshi. Jina la kikoa nimeandika sawasawa, neno la siri kaliweka msimamizi mwenyewe, lakini kompyuta inasema haiwezi kuifikia seva ya kikoa. Na intaneti ipo! Nimesikiliza taarabu YouTube saa nzima nikisubiri. Je, seva imekufa? Karani Mchovu.*

Marahaba, mjukuu. Seva ni nzima, na hiyo taarabu ndiyo inayokudanganya. Kupata intaneti ni jambo moja, kuujua mlango wa ofisi yako ni jingine. Fungua mipangilio ya kadi ya mtandao, tazama palipoandikwa DNS. Naweka dau la chai na vitumbua kwamba utakuta 8.8.8.8. Hiyo ni anwani ya Google. Aliiweka shemeji wa mtu fulani ili intaneti ikimbie, akashukuriwa, akanywa soda, akaenda zake.

DNS ndiye anayeulizwa njia. Kompyuta inayotaka kujiunga huuliza, "Kwenye kikoa hiki, nani anapokea wageni?" Jibu limo kwenye kumbukumbu zinazoitwa SRV, ambazo seva ya kikoa huziandikisha yenyewe kwenye DNS ya ofisi. Google inajua njia ya London na Tokyo. Jiko la ushirika wenu hailijui, wala haipaswi kulijua. Wewe umeshuka stendi ya Moshi, badala ya kumuuliza bodaboda unamuuliza rubani.

Futa hiyo 8.8.8.8, weka anwani ya seva yenu ya DNS, ambayo katika ofisi ndogo kwa kawaida ndiyo hiyohiyo seva ya kikoa. Na tafadhali usiirudishe Google kwenye nafasi ya pili "kwa dharura". Siku seva ikichelewa kujibu, Windows itahamia kwa huyo wa pili na kukaa huko, nawe utapata ugonjwa wa leo inaingia, kesho haiingii. Afadhali kitu kilichokufa kabisa, hicho utajua wapi pa kulilia. YouTube isikutie hofu, ya nje seva itakuulizia. Ukimaliza, andika ipconfig /flushdns ili kompyuta isahau majibu ya zamani, kisha nslookup na jina la kikoa. Ikirudi anwani ya seva yenu, jaribu tena kujiunga. Na ukiona anwani ya kompyuta yenyewe inaanza na 169.254, acha yote haya, angalia waya kwanza. Huenda mfagizi kaupitia.

*Babu, shikamoo. Mkuu wetu hapendi saa za Kizungu. Kaamuru kompyuta zote zisome saa ya Kiswahili, hivyo tukifika kazini asubuhi zinasoma 2:00. Seva ndiyo haikuguswa, kwa kuwa ufunguo wa chumba chake umepotea. Tangu hapo, mpya hazijiungi na kikoa, na za zamani zinasumbua kuingia. Mtunza Stoo, Dodoma.*

Marahaba. Mwambie mkuu kwamba Babu anamuunga mkono kwa moyo wote. Asiyemuunga mkono ni Kerberos. Huu ni utaratibu wa kukagua wanaoingia, ulibuniwa MIT huko Marekani na kupewa jina la mbwa wa vichwa 3 anayelinda lango la kuzimu katika ngano za Wagiriki. Vikoa vya Windows vimeutumia tangu Windows 2000. Kila ombi hubeba muhuri wa saa, na tofauti inayovumiliwa, kama hakuna aliyebadilisha, ni dakika 5. Ninyi mmempelekea mbwa tofauti ya saa 6! Hata harusi za kwetu hazichelewi hivyo.

Kuna kosa jingine lililojificha zaidi. Laptopu imetoka Dubai, ukanda wake wa saa uko mbele yetu kwa saa moja. Mtu anaona saa imezidi, anairudisha nyuma kwa mkono, anaacha ukanda uleule wa Dubai. Ukutani na kwenye skrini saa zinalingana, kila mtu ameridhika, kumbe ndani kompyuta inahesabu kwa saa ya dunia na imepotoka kwa dakika 60. Chagua ukanda ulioandikwa (UTC+03:00) Nairobi. Ndiyo, hata ukiwa Dodoma. Mwenye uchungu na hilo awaandikie Microsoft, mimi ni fundi waya tu. Na kama saa inarudi miaka ya nyuma kila umeme ukikatika, badilisha ile betri ya duara kwenye ubao mama. Nyingi hutumia CR2032.

*Babu, laptopu yangu mpya haina hata sehemu ya kuandika kikoa. Nimeibiwa? Muuza Duka.*

Hujaibiwa, umenunua Windows Home. Home haijiungi na kikoa, hata uisomee dua. Lipia ipandishwe kuwa Pro.

*Shikamoo Babu. Niko field, mwaka wa pili chuoni. Nimeunganisha kompyuta 10 bila tatizo, ya 11 imenikatalia kwa akaunti ileile. Tena mbili za mkurugenzi, OFISIYAMKURUGENZI1 na OFISIYAMKURUGENZI2, zinagombana. Wenzangu wanasema nimelogwa. Mwanafunzi.*

Marahaba, mwanangu. Aliyekuloga ni hesabu. Mtumiaji wa kawaida, kikoa kikiwa na mipangilio yake ya mwanzo, anaruhusiwa kuingiza kompyuta 10. Usiazime akaunti ya mwenzako; mwambie msimamizi akupe ruhusa rasmi au aunganishe mwenyewe.

Hao wa mkurugenzi ni pacha uliowatengeneza wewe. Jina fupi la kompyuta lina mwisho wa herufi 15, kwa hiyo zote mbili zilikatwa zikabaki OFISIYAMKURUGEN. Ya pili ilipoingia ilichukua akaunti ya ya kwanza na kubadilisha neno lake la siri, na ya kwanza ikaambiwa haiaminiki tena. Itoe kikoani, ipe jina MKURUGENZI-1, iunganishe upya. Ila kabla ya kuitoa, hakikisha unalijua neno la siri la msimamizi wa ndani ya kompyuta hiyo, la sivyo utabaki nje wewe na mkurugenzi.

Mnaotaka kuandika wiki ijayo: "imegoma" si maelezo. Nakilini maneno ya kosa yalivyo kwenye skrini, pamoja na namba yake, kisha fungueni C:\Windows\debug\NetSetup.log mniletee mistari ya mwisho. Barua isiyo na hayo sitaijibu.