Wati za Kwenye Boksi

Vijana wa siku hizi wanazijua kadi za grafiki kuliko wanavyozijua koo zao. Mpwa wangu, anayesomea usanifu majengo, hajui bibi yake mzaa baba alitoka kijiji gani, lakini mguse kidogo kuhusu RTX 3060 na 4060 uone anavyokaa kitako: hii memori GB 12, ile GB 8, hii inakula wati 170, ile 115. Anasema anaitaka kwa kuchorea nyumba. Nyumba sijaiona. Kila nikipita nyuma yake naona wanaume ishirini na wawili wanakimbiza mpira.

Sasa muulize hiyo kadi italishwa na nini. Kimya. Ni kikao cha harusi kabisa: ukumbi umejadiliwa, keki imejadiliwa, sare zimezua ugomvi, jenereta hakuna aliyeiulizia.

Mashine yenyewe ilistaafu ofisini huko Ulaya, ikaja kwa kontena. Ni i5 ya kizazi cha nne, na paua saplai yake ni ya wati 290, ambazo zilimtosha karani wa kuchapa barua. Nikasema basi, tutafute kubwa zaidi. Kumbe walioiunda waliamua plagi ya madabodi iwe ya pini nane, wakati dunia nzima inatumia pini ishirini na nne! Ukitaka kuweka paua saplai nyingine lazima upate kiwaya cha kuunganishia, na kiwaya hicho ukikiulizia Kariakoo unaletewa chaja ya laptopu.

Fundi hakuona tatizo. Mafundi wa Kariakoo hawaonagi tatizo, hiyo ndiyo imani yao. Akashusha boksi lenye 600W kwa maandishi makubwa ya njano na picha ya joka, ambalo sijui lina undugu gani na umeme. Nikaibeba paua saplai mkononi. Nyepesi! Paua saplai ya maana ina uzito, ndani kuna shaba na vyuma vya kupoza joto. Nikaigeuza ubavu kusoma stika, maana boksi husema linalotaka, stika huwa na haya kidogo. Mstari wa volti 12, ule unaolisha kadi na prosesa, umeandikwa ampea 16. Nikatoa simu nikapiga hesabu mbele yake: 12 mara 16, jibu 192.

"Fundi, wati mia nne na nane zimeenda wapi?"

"Hizo hesabu za shuleni, mzee wangu. Hii ni chuma. Watu wanachukua kila siku, hajarudi mtu."

Hajarudi mtu. Hata makaburini hajarudi mtu.

Kadi anayoililia mpwa ni wati 170, prosesa 84. Tumeshapita 192 na feni haijazunguka. Nvidia wenyewe kwa hiyo 3060 wanashauri paua saplai ya wati 550, na wanamaanisha wati za kweli, si za joka. Nikaulizia yenye alama ya 80 Plus, hata ya daraja la chini kabisa. Anayo, akasema, akaenda nyuma, akarudi na joka lilelile kwenye boksi jeusi. Na waranti je? "Tunaiwasha hapahapa uone." Yaani waranti inaishia mlangoni.

Mpwa naye akaanza kunivuta shati. "Anko, kuna GTX 1050 Ti pale, bei poa." Nikaigeuza: ina tundu la VGA. Nvidia waliiondoa VGA kwenye kizazi hicho, kwa hiyo lile lilikuwa kadi la zamani lililobadilishwa programu ya ndani ili lijitambulishe kwa jina la mjukuu wake. Kompyuta ikiulizwa inajibu vilevile, nayo imedanganywa. Ipo programu ya bure, GPU-Z, inayoziumbua kadi za namna hii, lakini jaribu kuomba uiendeshe dukani uone unavyogeuka adui wa biashara ya watu.

Tukatoka na GTX 1650. Wati 75, basi. Tena nilichagua kwa macho yangu ile isiyo na tundu la pini sita kichwani, maana zipo zenye jina hilohilo zinazodai waya wake. Hii inakula umeme wote kwenye madabodi, na zile wati 290 za karani zinatosha. Mpwa amenuna. Anune, ana baba yake Mwanza, na simu ya baba yake inapatikana.

Fundi hakununa hata kidogo. Nahesabu pesa, akaniuliza kama nyumbani nina stabilaiza, maana umeme wa siku hizi hautabiriki. Anayo moja, akasema, wati 2000, chuma. Akaishusha kutoka rafu ya juu kabisa kwa mkono mmoja, mwingine umeshika simu.