Jinsi ya Kuipa Peugeot 504 Cheche Mpya Mbele ya Watazamaji

Hatua ya kwanza ni kukubali kwamba watu watakuja. Ukifungua boneti ya Peugeot 504 hapa kwetu Dabani, Uganda, spana haijagusa nati na tayari unao vijana wawili wa boda boda, mzee aliyewahi kumiliki 404, na mtoto aliyetumwa chumvi. Wakaribishe. Mzee mpe kigoda, maana yeye ndiye anayekumbuka ushindi wa 404 kwenye Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na kazi ya mikono huenda vizuri mtu akisimulia. Mtoto mpe kifuniko cha distribyuta akishike kwa mikono miwili. Aliyeshika kitu hagusi kingine.

Vijana watauliza gari lina ubaya gani. Waambie halina ubaya, lina pointi. Ndani ya distribyuta mna vichuma viwili vinavyogusana na kuachana, na kila vikiachana koili hutoa cheche. Fikra hiyo ni ya Mmarekani Charles Kettering, ina zaidi ya miaka 100, na bado naiheshimu. Lakini fanya hesabu: injini ya silinda 4 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, vichuma hivyo hufunguka mara 100 kwa sekunde. Kila mara huungua kidogo. Kisigino cha pointi kinachoegemea shafti nacho hulika, mwanya wa milimita 0.4 unabana, cheche inachelewa. Halafu usiku mmoja wa mvua umembeba mama mjamzito kumpeleka hospitali, na injini inaanza kumisi. Ni kwa ajili ya usiku kama huo ninaifanya kazi hii. Mtu asikwame njiani na mgonjwa kwa sababu ya mwanya mwembamba kama kadi ya mwaliko.

Kifaa cha elektroniki kinachowekwa mahali pa pointi huondoa ule mgusano wote. Pete yenye sumaku huvalishwa kwenye shafti chini ya rota, na sensa iliyo kando yake huhisi sumaku zikipita. Sensa nyingi za aina hii hutumia jambo aliloligundua Edwin Hall mwaka 1879, kabla ya gari la petroli kuwapo. Hakuna kinachosuguana, basi hakuna cha kusaga kwa msasa kando ya barabara.

Sasa usinunue bado. Shika ncha ya shafti ya distribyuta uitikise. Ikicheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza, badilisha bushi kwanza, la sivyo ile pete itaikwaruza sensa mpaka iimalize. Kagua kifuniko kama kina ufa. Angalia betri na alteneta. Nimeona magari yaliyovikwa kifaa kipya yakaendelea kumisi vilevile, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa kwenye waya wa plagi wa bei ndogo. Ukiridhika, soma jina lililogongwa ubavuni mwa distribyuta, kwa sababu 504 nyingi zilitoka na Ducellier au SEV Marchal, na kifaa cha moja hakikai kwenye nyingine. Usimwambie muuza spea wa Kisekka Market kule Kampala, wala wa Kirinyaga Road Nairobi, kwamba unataka “ya Peugeot.” Mpelekee picha. Safari ya kurudisha kitu kisichoingia ni ndefu kuliko kazi yenyewe.

Funga alama kwenye kila waya wa plagi. Hapa vijana watagombana. Aliyejifunzia kwenye Datsun huhesabu silinda kuanzia rejeta, ilhali Peugeot huanza upande wa flaiwili. Mpango wa kuwaka ni 1-3-4-2, na uzuri wake ni kwamba ukiuhesabu kutoka upande wowote haubadiliki. Kinachobadilika ni pale rota inapotazama. Ukidhani unatafuta silinda ya kwanza kumbe ni ya nne, injini itakohoa moto kwenye kabureta na mtoto ataangusha kifuniko.

Ondoa waya wa hasi wa betri. Kabla ya kufungua skrubu ya pointi, ziba matundu ya distribyuta kwa kitambaa, kwa kuwa skrubu ile huanguka, na huangukia ndani. Toa pointi na kondensa, safisha bamba mpaka chuma king'ae, kwa sababu sensa hutegemea bodi la gari kupata umeme wa kurudi. Vumbi la murram likichanganyika na oili hufanya utando ambao jicho halioni lakini umeme unauona. Funga sensa, vika pete, rudisha rota.

Halafu waya, na hapa naomba kila mtu anyamaze, hata mzee. Kwenye kifaa cha kawaida, nyekundu huenda chanya ya koili na nyeusi huenda hasi. Pointi husamehe anayekosea; sensa huungua papo hapo, na hakuna fundi wa kuifufua, Tororo wala Nairobi. Mwenye Morris Minor ya zamani aangalie mara mbili, kwani nyingi zilifungwa chanya kwenye bodi na zina kifaa chake. Pima koili kwa mita ulinganishe na karatasi ya kifaa. Waya za plagi za shaba tupu zitoe, kelele zake za umeme huichanganya sensa.

Ukiwasha, pima taimingi upya kwa taa yake, injini ikiwa moto, hata kama inanguruma vizuri. Sumaku haipiti mahali palepale pointi zilipofungukia. Kipimo kichukue kwenye kitabu cha gari, usikichukue kwa mzee.

Pointi za zamani zisafishe, zipake grisi kidogo, zitie kwenye kopo pamoja na kondensa, skrubu na fila ya kupimia mwanya wa milimita 0.4, uliweke chini ya kiti. Sensa ikifa katikati ya njia, bisibisi na nusu saa zitakufikisha nyumbani.

Limebaki jambo moja la kumwambia mwenye gari wakati wa kumkabidhi ufunguo.

“Mzee, usiache swichi imefunguliwa na injini imezima. Koili hupata moto na sensa huweza kuungua.”

“Hata dakika chache, fundi?”

“Hata chache.”

Akafikiri. “Na mpira wa Jumapili? Mimi husikilizia kwenye redio ya gari.”

“Njoo usikilizie kwangu, mzee. Kigoda kipo.”