Messi wa Nne Kutoka Kushoto

Ukipanda gari Maua ukateremka hadi Meru mjini, ukapita Nkubu, Chogoria na Chuka, ukavuka mto Thuchi na kuingia Embu, kila kiwanja utakachokipita kina kijana anayeitwa Messi. Vingine vina wawili. Timu moja ya Igembe ninayoifahamu ina Messi Mkubwa, Messi Mdogo na Messi wa Gereji, na huyu wa Gereji ni kipa. Mambo haya yasingenihusu lau kama si mimi ninayetakiwa kuandika majina chini ya picha. Niliwahi kutundika picha ya timu dukani kwangu nikaandika: "Messi ni wa nne kutoka kushoto, waliochuchumaa." Wa pili kutoka kulia, waliosimama, akaja kulalamika. Akaja na shahidi.

Riziki yangu hutoka kwenye harusi, mahafali na picha za pasipoti. Wikendi ikifika bila harusi, nafunga duka na kufuata mpira wa chini. Juu kabisa kuna Ligi Kuu, ambayo kila mtu anaijua. Chini yake Ligi ya Supa, kisha Daraja la Kwanza, Daraja la Pili, na huko chini zaidi ligi za maeneo na za kaunti, ambako refa anafika kwa bodaboda na mashabiki wanamsubiri ng'ombe avuke ndipo mpira uanze. Wenzangu saa hiyo wamejifungia kwenye vibanda, kila mmoja na shilingi 50 zake, wanaitazama Arsenal. Mimi natafuta kijana ambaye hajajulikana bado. Nikimpata nampiga picha nyingi, ili siku akiwa mtu niwe na ushahidi kwamba mimi nilimwona kwanza.

Ni ugonjwa, na si wa huku tu. Binamu yangu anayeishi Durham, North Carolina, anao, ila wake ni wa besiboli. Kule Marekani, chini ya ligi kuu ya mchezo huo, kuna timu 120 zilizopangwa katika madaraja manne, na kila moja ni kitalu cha klabu kubwa fulani. Durham Bulls, kwa mfano, huwalea vijana wa Tampa Bay Rays. Binamu hununua tiketi, huketi karibu na uzio na lenzi yake ndefu, na kila kijana anayemlenga anazo habari zake zote: jina, tarehe ya kuzaliwa, alikozaliwa, urefu, uzani, hata mkono anaorushia. Aliponieleza hayo kwenye simu nilikaa kimya kwa wivu. Mimi nikitaka habari za mchezaji namwendea kocha.

"Mwalimu, yule winga anaitwa nani?"

"Messi."

"Jina la kitambulisho?"

"Hajapata kitambulisho."

"Ana miaka mingapi?"

Kocha hunitazama kama mtu anayepima kama mgeni huyu ni wa kuaminika. "Unataka ya ligi ama ya nyumbani?"

Suala la miaka limeniletea uadui nisioutafuta. Mpiga picha wa mji mdogo ni kabati la kumbukumbu: niliwapiga wakimaliza darasa la nane, nikawapiga wakimaliza kidato cha nne, na nyuma yao siku hizo kuna bango lenye mwaka kwa herufi kubwa. Siku moja kocha wa timu ya chini ya miaka 17 aliingia dukani, akanunua fremu asiyoihitaji, akazungumza habari za mvua, kisha akaniomba kwa heshima zote niishushe picha fulani ukutani. Ilikuwa ya harusi. Bwana harusi alikuwa ndiye mshambuliaji wake.

Binamu husema suluhisho ni mimi kuacha soka na kuvuka mpaka. Uganda wameshakolea besiboli: mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za watoto kule Williamsport, Pennsylvania, na mwaka 2022 Los Angeles Dodgers waliwasajili vijana wawili wa huko, Ben Serunkuma na Umar Male. "Fikiria," ananiambia, "ungekuwa na picha zao za zamani!" Nafikiria, na inaniuma. Lakini nimejaribu kutazama mchezo huo kwenye video anazonitumia na bado sijaelewa kwa nini mtu anakimbia wakati mwingine na wakati mwingine hakimbii. Kumpiga picha mtu usiyejua atakimbia lini ni kazi ya polisi.

Kuna jambo jingine linalotuweka kwenye viwanja hivi, nalo ni mshambuliaji wa Kenya, Michael Olunga. Kabla ya Gor Mahia, na kabla ya zile siku za Ulaya na Japani, Olunga alipitia Thika United, na Thika si mbali. Ndiyo maana leo hii, ukikaa mahali popote penye nyama choma kati ya Makutano, huku Meru kwenye duka langu, na Embu mjini, atatokea mzee wa kukuambia alimwona Thika, akajua, akasema, watu wakamcheka. Novemba 2019 Olunga alipofunga mabao 8 katika mechi moja, Kashiwa Reysol wakiipiga Kyoto Sanga 13-1, wazee hao waliongezeka maradufu. Nikiwahesabu wote, Thika United ilikuwa inajaza uwanja kuliko Barcelona. Mimi sikumwona. Nikiulizwa nina picha, nasema hapana, na kwa heshima ya pale mezani nashuka hadi chini ya yule mzee asiye na kamera.

Basi nawinda. Shida ya kwanza ni fulana. Timu nyingi za huku zina fulana kumi na tano, zilizotolewa na mheshimiwa wakati wa kampeni, na uso wake uko mgongoni ukitabasamu mahali ambapo namba ingekaa vizuri. Namba huandikwa kwa utepe wa kubandika. Mchezaji akitoka, huivua fulana na kumpa anayeingia. Kwa hiyo namba 9 aliyefunga kipindi cha kwanza si namba 9 aliyekosa penalti kipindi cha pili, na mvua ikinyesha namba 8 hupoteza kipande cha utepe akawa 6, wakati 6 wa halali bado yuko uwanjani. Refa huchanganyikiwa, lakini refa hatakiwi kuandika maelezo chini ya picha.

Shida ya pili ni bao lenyewe. Nina mkusanyiko mkubwa, na nasema bila majivuno, wa picha za makipa wakiwa wamelala upande usio na mpira. Zimetulia, mwanga ni mzuri, nyasi zinahesabika. Mpira tu ndio hauko. Nikitazama fremu moja nyuma, mpira bado haujapigwa; fremu moja mbele, watu wanashangilia na mgongo wa mheshimiwa umejaa lenzi. Pembeni yangu daima kuna mvulana mwenye simu iliyopasuka kioo, mkono mmoja kwenye njugu, na yeye bao analo.

Kuhusu viwanja sina mengi. Uwanja wa Kinoru, Meru, ulifumuliwa na kutengenezwa kwa ajili ya michuano ya Afrika ya CHAN ya 2018, ambayo ikahamishiwa Morocco. Uwanja ukabaki kwetu na Madaraka Dei ya mwaka huo ikaja Meru. Mwaka 2023 Madaraka Dei ikaenda Embu, na Uwanja wa Moi nao ukapakwa rangi. Mimi naamini kwamba sikukuu za taifa zimesaidia soka ya mlima huu kuliko kamati zozote, na kama Rais angekubali kuhutubia taifa kutoka Kianjai, vijana wa Kianjai wangekuwa na nyasi.

Lakini nilitaka kueleza habari za Runyenjes, huko Embu.

Nilisafiri na timu moja ya Meru iliyokuwa na winga wa mguu wa kushoto, kijana mwembamba wa kukata mashina ya mahindi kwa kasi yake. Nilikuwa nimemfuata tangu msimu uanze. Nauli ilikuwa tatizo tangu stendi, maana kondakta aliitazama tripodi yangu, akahesabu miguu, akasema kitu chenye miguu mingi kuliko abiria hakiwezi kusafiri bure. Tulielewana kwa nusu nauli, na tripodi ikakaa dirishani, mimi nikachuchumaa kwenye gunia la miraa la shabiki wetu. Alikuwa amebeba giza, miraa safi ya nyumbani, kwa hofu kwamba Embu angepewa muguka, miraa ya huko. Alipewa muguka. Hadi mapumziko alikuwa anautetea.

Kiwanja kilikuwa cha shule, kilima cha Kirimiri kikitazama kutoka juu, na kona moja ilikuwa chini sana hivi kwamba anayepiga kona pale huonekana kichwa tu. Nikajipanga upande wa winga wangu. Hazikupita dakika kumi mzee mwenye kofia akaja taratibu na kusimama kando yangu.

"Muga, mwalimu."

"Muga, mzee."

"Mimi ni baba mdogo wa huyu kijana. Tumekuona mechi zote. Nyumbani tumekaa, tumezungumza." Akakohoa. "Sasa wale wazungu wanasemaje?"

Nilimweleza kwamba hakuna wazungu. Nilimweleza kwamba mimi ni mtu wa picha za pasipoti, Makutano. Akaitikia kwa kichwa kila neno, akanishika mkono kwa mikono miwili. "Pasipoti," akasema. "Hapo sasa tumeelewana."

Habari hiyo ilivuka uwanja kabla ya mpira kuvuka. Winga alipoambiwa wakala amefika na pasipoti, mguu wa kushoto ukapatwa na aibu ya ghafla. Kila akipokea mpira alinitazama kwanza, akanyoosha fulana, akainua kidevu, na beki akamnyang'anya mpira akiwa amependeza sana. Kocha akavumilia mara kadhaa, kisha akaja kwangu mbio.

"Wewe wa kamera! Unaniulia mchezaji. Hama!"

Nikaanza kukusanya vitu. Kocha akatazama tripodi, akatazama upande wa pili, nikaona wazo likimwingia. "Ngoja. Usiende nyumbani. Nenda ukakae upande wa beki wao wa kulia."

Ndivyo nilivyogeuzwa mchezaji wa kumi na mbili. Beki wa kulia wa wenyeji, kijana wa watu aliyekuwa amecheza vizuri tangu mwanzo, aliona lenzi imemwelekea, akavuta soksi juu, akapanga nywele. Mpira ukampita. Wenyeji wakaanza kunung'unika. Mama mmoja muuza ndizi akatangaza kwamba Wameru wamekuja na uganga wa miguu mitatu. Wakampelekea refa malalamiko wakati wa mapumziko, na refa, mtu mnene aliyevaa saa mbili, akaja akinielekea moja kwa moja. Nilijua nafukuzwa.

Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akarekebisha kola.

"Hiyo kamera inaweza kushika kadi ya manjano vizuri?"

"Inaweza, bosi. Lakini hujampa mtu kadi."

"Nitampa."

Alimpa beki wa kulia, kipindi cha pili kikiwa kichanga, kwa kosa la kuchelewesha mchezo, na nakiri kwa upande wa sheria hakukosea. Aliinua mkono ukanyooka, kifua mbele, uso umegeuzwa robo kuelekea kwangu, akabaki hivyo. Nilipiga fremu nzima nzima. Mkono haukushuka. Mwishowe beki akasema kwa upole, "Refa, nimeiona."

Niliinama kwenye kioo kuhakikisha macho ya refa hayakufumba. Ndipo kelele zikalipuka. Winga wangu, akiwa hana wa kumpigia pozi, alikuwa ametoka na mpira katikati ya uwanja, amepita watu wasiojulikana idadi yao, akamlaza kipa na kuutia wavuni kwa ule mguu wa kushoto. Watu wanasema hawajaona bao kama lile Runyenjes. Nina picha nane za kadi ya manjano.

Mvulana wa simu analo. Baba mdogo alilitazama kwenye kile kioo kilichopasuka, akasogeza kofia nyuma, akaniuliza kama wazungu watakubali ya simu.

Winga wangu hakwenda kwa wazungu. Jeshi lilipokuja kusajili, alikimbia zile mbio zao akamaliza peke yake, wakamchukua siku hiyo hiyo, na nyumbani wakachinja. Jeshi lina timu yake, Ulinzi Stars, ambayo wachezaji wake ni wanajeshi, kwa hiyo kila orodha yao ikitoka naisoma kutoka kwa kipa hadi mwisho wa benchi. Tatizo ni kwamba jeshini huandikwa kwa majina ya kitambulisho, na mimi la kwake sikuwahi kulipata.

Refa ndiye mteja wangu mkubwa sasa. Alichukua zote nane, moja akaiweka kwenye fremu ya dhahabu, na amewaleta washika vibendera wawili. Ijumaa iliyopita alinipigia kuniarifu ana mechi Chogoria, akauliza jua la saa kumi huwa upande gani pale, ili ajue kadi nyekundu ataitolea wapi.